Vidonge vya kutuliza vikishakuwa mazoea: namna ya kuvishuka taratibu

Nimeuandika mwongozo huu kwa mtu anayemeza kidonge cha kutuliza kila usiku na hakumbuki tena lini alianza. Au kwa mwenye mama, bibi au mume wa hali hiyo. Naandika kutoka Pemba, na sababu yangu ni mama yangu mdogo.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kuja kwetu. Mama mdogo alipoteza watu wawili wa nyumba moja. Arobaini ikapita, bado halali. Moyo unamwenda mbio, kijasho kinamtoka, mlango ukigongwa anaruka. Akapewa diazepam ya miligramu 5, anywe usiku, na kwa mara ya kwanza akalala. Kidonge kile cha mwanzo sina ugomvi nacho hata leo. Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyemwambia kinakoma lini. Kikawa kimoja, kikawa viwili, miaka ikenda. Alipokuja kuamua kuacha, aliacha kwa siku moja tu, bila kumwambia mtu. Siku ya sita alianguka kifafa jikoni, na mkono wake ukaingia kwenye makaa.

Mchumaji karafuu anajua kwamba hatari haiko kwenye kupanda peke yake. Wengi huumia wakati wa kushuka, pakacha limejaa, mtu ana haraka ya kufika chini. Haya yanayofuata ni ya kushuka.

Hatua ya kwanza: jua jina la unachokunywa

Inaonekana kazi ndogo, lakini nimekuta watu waliokunywa dawa miaka minne wakiijua kwa rangi tu: "kile cheupe kidogo" au "dawa ya mawazo". Dukani vidonge vinahesabiwa, vinatiwa kwenye kifuko kidogo, juu yake panaandikwa 1x1, basi. Rudi pale ulipochukua uulize jina. Bora zaidi, omba ile karatasi inayong'aa ya vidonge, maana jina na miligramu vimepigwa chapa nyuma yake.

Dawa zinazohusika hapa ni za jamii moja: diazepam (ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium), lorazepam, alprazolam, clonazepam, bromazepam na nitrazepam. Hazina nguvu sawa. Miligramu 0.5 ya alprazolam inakaribia kazi ya miligramu 10 za diazepam, kwa hiyo udogo wa kidonge usikudanganye.

Zipo nyingine zinazochanganywa nazo kwa sababu nazo huleta usingizi. Amitriptyline si ya jamii hii. Vidonge vya mafua na mwasho vinavyolaza mtu si vya jamii hii. Phenobarbitone hupewa wenye kifafa, na huyo asiguse dozi yake kwa kusoma maneno yangu. Wala mwenye kifafa anayetumia clonazepam. Mambo yao ni mbali na wayapange na daktari wao.

Hatua ya pili: hesabu muda, si vidonge tu

Kaa na mtu wa nyumbani mkumbuke. Ilikuwa kabla ya harusi ya nani? Mtoto yule alikuwa darasa la ngapi skuli? Hesabu hii daktari ataihitaji, na wewe pia unaihitaji, maana muda ndio unaoamua utashuka kwa mwendo gani.

Dawa hizi zilikusudiwa kwa siku chache. Uingereza, tangu 1988, madaktari wameelekezwa wasizidishe wiki 2 hadi 4, tena kwa wasiwasi mkali unaomtesa mtu. Marekani, mwaka 2020, mamlaka ya dawa iliagiza onyo zito kabisa liwekwe kwenye maelezo ya dawa zote za jamii hii: kwamba mwili hufika kuzitegemea, na kwamba kuziacha ghafla kunaweza kuua. Angalia tarehe hizo, kisha jua kwamba dawa ya kwanza ya jamii hii ilitoka 1960 na Valium ikafuata 1963, zote kutoka kampuni ya Hoffmann-La Roche alikofanya kazi mkemia Leo Sternbach. Zilipokelewa kwa furaha kwa sababu zilizokuwepo kabla yake, barbitureti, zilikuwa zikizidi kidogo zinaua. Hizi zilionekana salama. Ilichukua miaka mingi kwa watu kukubali kwamba usalama wa wiki mbili si usalama wa miaka kumi.

Sababu iko kichwani. Ubongo una kemikali iitwayo GABA, kazi yake ni kupunguza kasi ya mambo, kama breki. Kidonge kinaikandamiza breki hiyo zaidi. Baada ya wiki kadhaa ubongo unajizoesha: unaona breki inakandamizwa na mtu mwingine kila siku, nao unalegeza yake. Ndiyo maana kidonge kimoja hakitoshi tena. Ndiyo maana pia ukikiondoa ghafla, chombo kinabaki hakina breki yoyote: moyo, mikono, macho, masikio, vyote vinakwenda mbio. Hili haliulizi kama mtu ana imani au hana, ni mwanamke au mwanamume, ana nia madhubuti au dhaifu. Mama mdogo alijiona mlevi. Hakuwa mlevi. Alikunywa alichopewa, kwa namna aliyoambiwa.

Hatua ya tatu: jiangalie, na umwambie wa nyumbani akuangalie

Mwenye kutumia mara nyingi haoni. Wanaokaa naye ndio wanaoona. Anasahau alichoambiwa asubuhi. Chungu kimeungua mara mbili wiki hii. Haoneshi huzuni wala furaha, kama mtu aliye nyuma ya kioo. Mchana anasinzia kwenye mkeka, na ikikaribia saa ya kidonge anakuwa mkali, anatetemeka, halafu akimeza anatulia, na kila mtu anasema "unaona, dawa inamfaa". Sivyo. Mara nyingi ule ukali wa jioni umeletwa na dawa yenyewe kupungua mwilini. Wanaotumia unga wa heroini hali hiyo wanaiita arosto, na hii ni ya ukoo huohuo, ila imekuja na cheti cha hospitali.

Kuna watu ambao kwao hatari ni kubwa kuliko wengine, nami nawataja kwa uzito.

Wazee kwanza. Mwili wa mzee huchelewa kuitoa diazepam, kwa hiyo ya jana inajumlishwa na ya leo. Anaamka usiku kwenda choo cha uani, au anashuka ngazi zile za mbao za nyumba za Mji Mkongwe zilizosimama kama ukuta, na miguu haimtii. Nyonga ikivunjika kwenye umri wa miaka 75, maisha yake yote yanabadilika. Ukimwona bibi ameanza kuyumba na kuchanganya majina ya wajukuu, kabla hujasema ni uzee, fungua kikapu chake cha dawa.

Kisha mjamzito na anayenyonyesha. Mtoto anaweza kuzaliwa amelegea, hanyonyi vizuri, au akapata arosto yake mwenyewe siku za mwanzo. Mjamzito asiache ghafla. Aende kliniki mapema.

Mwenye pumu kali au ugonjwa mwingine wa mapafu. Anayeendesha bodaboda au gari. Mvuvi anayetoka usiku. Anayepanda mikarafuu.

Na yule anayechanganya. Dawa hizi pamoja na pombe, tramadol (dawa ya maumivu), heroini au methadone (dawa wanayopewa wanaoacha heroini) hupunguza pumzi mpaka mtu analala asiamke. Ndugu mwenye kijana aliye kwenye kliniki ya methadone pale Hospitali ya Kidongo Chekundu, Unguja, ahakikishe wauguzi wa kule wanajua kama anapata pia Valium mtaani. Kuwaambia kunamlinda.

Hatua ya nne: leo usipunguze chochote

Nimeiweka peke yake kwa sababu najua msomaji wa namna gani amefika hapa. Amesoma, ameogopa, na anataka kuvitupa vidonge chooni. Tafadhali usivitupe. Kunywa dozi yako ya leo kama ya jana. Umetumia miaka, siku kumi za kujipanga hazitakudhuru, lakini siku moja ya haraka inaweza kukutia kwenye kifafa.

Na kama umebakiwa na vya siku tatu na duka halina, hiyo ni dharura yako ya sasa. Nenda hospitali kabla havijaisha.

Hatua ya tano: mwone daktari, na ujue utakachomwambia

Unguja, Hospitali ya Kidongo Chekundu ndiyo ya magonjwa ya akili, na Mnazi Mmoja ndiyo hospitali kuu. Pemba tunazo Chake Chake, Wete, na Abdalla Mzee ya Mkoani. Anza na iliyo karibu yako, uulize siku ya kliniki ya afya ya akili. Wako wengi wanaoona haya kuonekana wakiingia huko. Nawaelewa, kisiwa ni kidogo na habari hufika nyumbani kabla yako. Ukiona haya sana, anza na daktari wa kawaida, yule anayekupimia presha. Kupunguza dawa hizi si lazima kuanzie kwa bingwa.

Beba vidonge vilivyobaki, na dawa zako nyingine zote, hata za tumbo na za fangasi. Omeprazole huifanya diazepam ikae zaidi mwilini, na baadhi ya dawa za fangasi huongeza nguvu za alprazolam. Taja na za majani kama unakunywa.

Maneno yenyewe yasikushinde. Sema hivi: "Dokta, nakunywa diazepam miligramu 10 kila usiku, mwaka wa sita huu. Sitaki kuacha ghafla. Naomba unipangie namna ya kupunguza kidogo kidogo." Ukijibiwa "acha tu", au ukapewa cheti kingine cha mwezi bila mazungumzo, usigombe. Omba kuonana na mwingine. Sisi tulipita milango miwili kabla ya kupata muuguzi mmoja wa afya ya akili aliyevuta kiti, akakaa, akauliza kuhusu ile meli.

Hatua ya sita: ratiba ya kushuka

Daktari Heather Ashton wa Newcastle, Uingereza, aliendesha kliniki ya watu wanaoacha dawa hizi tangu 1982 mpaka 1994. Alichojifunza kwao ndicho kinachofuatwa na wengi hadi leo: shuka kidogo kidogo, na mwendo upangwe na mwenye mwili. Kwa kawaida hupunguzwa sehemu moja ya kumi, au moja ya nane, ya dozi kila baada ya wiki mbili. Wengine huhitaji wiki nne.

Kama unatumia alprazolam au lorazepam, daktari anaweza kukuhamishia kwanza kwenye diazepam. Sababu ni kwamba nusu ya alprazolam huondoka mwilini kwa saa kama 12, ya lorazepam kwa saa 10 hadi 20, kwa hiyo arosto inagonga kabla ya dozi inayofuata. Diazepam hukaa siku nyingi na kuondoka polepole. Kuhama huku usijifanyie mwenyewe, hesabu yake ikikosewa inaumiza.

Chukua mfano wa anayekunywa diazepam miligramu 10 usiku. Ukipata vidonge vya 5 na vya 2, unaweza kushuka moja moja: tisa ni cha 5 kimoja na vya 2 viwili, nane ni vya 2 vinne, saba ni cha 5 kimoja na cha 2 kimoja, sita ni vya 2 vitatu. Kila daraja wiki mbili. Kwa mwendo huo safari nzima haikosi miezi minne, mitano. Kukiwa hakuna vya 2, kama ilivyotukuta sisi, cha 5 hukatwa robo: kila robo ni miligramu 1.25. Tulikata kwa wembe mpya juu ya sahani, siku ya Ijumaa baada ya swala, vya wiki nzima kwa pamoja, tukavitia kwenye vifuko saba. Mama mdogo mikono ilikuwa inamtetema, akikata mwenyewe robo zinatoka kubwa na ndogo. Basi mimi nikawa wa kukata, yeye wa kuandika kwenye kalenda ukutani.

Mambo matatu niliyoyaona kwa macho yangu. La kwanza, usiruke siku ukidhani ndiyo kupunguza, leo kinywe, kesho usinywe. Mwili hapo unapandishwa na kushushwa kila siku. Dozi iwe sawa kila siku, ipungue yenyewe. La pili, ukifika kwenye daraja ukaelemewa, simama hapohapo wiki tatu, nne, hata sita. Kusimama si kushindwa. Lakini jitahidi usirudi juu. La tatu, chini ndiko kugumu. Ukiwa kwenye 10, kuondoa 1.25 ni kidogo. Ukiwa kwenye 2.5, kuondoa hiyohiyo ni nusu nzima. Mwombe daktari daraja ndogo zaidi, na uchukue muda wako. Mama mdogo alitumia miezi mitatu kwenye miligramu mbili na nusu za mwisho, na sikuona sababu ya kumharakisha.

Hatua ya saba: zijue siku za taabu

Baada ya kila punguzo, siku za kwanza hadi ya kumi hivi zinaweza kuwa nzito. Usingizi wa vipande vipande, ndoto za kutisha, kijasho, tumbo kuvurugika, mikono kutetemeka, sauti ya adhana kuwa kali masikioni, mwanga kuuma macho, ganzi ya vidole. Na wasiwasi wenyewe unarudi kwa fujo. Hapo ndipo wengi wanaposema "kumbe bado naumwa" na kurudia dozi ya zamani. Ngoja kidogo. Ulioanza siku chache baada ya kupunguza na unaopungua wiki ya pili, huo mara nyingi ni mwili unajizoesha upya.

Yaliyotusaidia ni madogo. Kahawa ya barazani iliachwa baada ya adhuhuri, na chai ya rangi ya usiku pia. Vinywaji vya kuongeza nguvu ndiyo kabisa. Kutembea ufukweni asubuhi kabla jua halijawa kali. Kuvuta pumzi taratibu kwa pua na kuitoa polepole zaidi kwa mdomo, dakika tano, hasa unapohisi kifua kinabana. Kuamka saa ileile hata kama usiku haukulalika. Na mtu wa kukaa naye asiyeuliza maswali.

Kusomewa? Mama mdogo alisomewa, na Qur'ani ilimtuliza, sina neno dhidi ya hilo. Ninachoomba kwa anayesoma, na kwa familia, ni mambo mawili. Msimwambie mgonjwa aache vidonge ili dua ifanye kazi. Na mtu akianza kutetemeka, kuona vivuli au kusikia sauti katikati ya kupunguza, msikimbilie kusema ni shetani. Mpelekeni hospitali kwanza, kisomo kiende pamoja. Kombe ni maji na zafarani, lakini unga usiojulikana umetoka mti gani usinyweshwe mtu aliye kwenye dawa hizi.

Ramadhani

Imestahili sehemu yake. Anayekunywa mara moja usiku hana tatizo la saa: akinywe muda uleule wa kulala. Anayekunywa mara tatu kwa siku amwone daktari mapema mwezi wa Shaabani, apangiwe dozi za futari, usiku na daku. Asizirushe za mchana kwa kufunga tu, maana huko ni kuacha ghafla kila siku kwa siku thelathini. Na usipange punguzo jipya kwenye wiki ya kwanza ya mfungo. Usingizi tayari umevunjwa na tarawehe na daku, kahawa imekatika mchana, mwili uko kwenye mtihani mwingine. Simama kwenye daraja ulilopo mpaka baada ya sikukuu. Kama daktari amekwambia kufunga ni hatari kwako mwaka huu, ruhusa ya mgonjwa ipo, usijione mpungufu.

Hatua ya nane: tibu kilichokupeleka kwenye kidonge

Wasiwasi wa mwanzo hauondoki kwa sababu tu kidonge kimeondoka. Ziko dawa nyingine, kama fluoxetine na sertraline, ambazo hazileti utegemezi wa namna hii. Huchukua wiki 2 hadi 6 kuonesha kazi, nazo pia haziachwi kwa siku moja. Daktari anaweza kuzianzisha kabla ya kuanza kushuka. Apime pia damu na tezi ya shingo, maana tezi ikizidi kazi huleta moyo wa mbio na kutetemeka, na mtu akatibiwa mawazo bure. Na mazungumzo na aliyefunzwa kazi hiyo yana uzito wake. Mama mdogo hakuwahi kuisimulia ile usiku ya meli mpaka mwaka alioanza kushuka. Alipoisimulia, alilia siku mbili, kisha akaomba chakula.

Ya kukimbilia hospitali bila kungoja

Kifafa. Mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vya moto na vigumu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, ita gari. Kuchanganyikiwa, hajui siku wala watu. Kuona visivyokuwepo. Kulala kusikoamshika, pumzi chache. Na mtu anayesema afadhali kufa: mwamini, usimwache peke yake, vidonge vyote vikae kwa mwingine.

Vikibaki

Mtu akimaliza, majirani watajua, na atakuja mmoja kuomba "vile vilivyokusaidia". Usimpe hata robo. Sisi tulipomaliza vilibaki kumi na vinne. Mama mdogo alivifunga kwenye karatasi, tukapanda gari ya Chake asubuhi ya Jumatatu, akavirudisha mwenyewe kwenye dirisha la dawa la hospitali, na yule kijana wa ndani akavihesabu mbele yake.